Mwalimu Mkia na Gazeti la Alhamisi

Mwalimu Mkia si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi wa chumba cha walimu, na nasema sisi kwa sababu na mimi nimo, ingawa kazi yangu ni kufagia, kupika chai na kutunza funguo. Siku aliyoripoti nilimwonyesha kiti chake, kile cha mlangoni chenye mguu uliofungwa waya, nikamweleza sheria ya gazeti. Gazeti la shule ni moja. Asubuhi linaanza kwa mkuu wa shule. Akimaliza, makamu wake. Kisha mwalimu wa nidhamu, kisha wengine kwa miaka ya kazi, mpaka wa mwisho. Miaka ishirini na sita nimelibeba mimi, na hakuna aliyeruka foleni.

"Sasa mimi nitalipata lini, bibi?"

"La Jumatatu utalipata Alhamisi. Likija limechanwa usinung'unike, kuna watu wanafungia karanga."

Walimu wakacheka, wakamwita Mkia, na yeye akaitika bila kinyongo.

Nilidhani atanuna. Wapi! Wiki ya pili namkuta kabla ya kengele, kikombe pembeni, simu mkononi, ametulia kama mtu anayechambua mchele. Nikamwuliza kama ni mchumba.

"Nasoma habari, bibi."

"Habari gani hizo zisizo na karatasi?"

Akanivutia kiti. Kumbe ana programu ya kusomea habari. Unaiambia mara moja tu: niletee za baraza la mitihani, za wizara, za gazeti hili na lile, na za wale wanaoandika juu ya kufundisha baiolojia. Basi. Wakitoa jambo jipya, vichwa vya habari vinajipanga vyenyewe kwenye ukurasa mmoja. Huzunguki mlango kwa mlango kama mwomba chumvi. Yeye alipitisha macho dakika kumi asubuhi, kumi mchana, akafungua linalomhusu na kuliacha lisilomhusu. Chanzo kinachopiga kelele kila saa alikitoa siku hiyo hiyo.

"Na uongo je?"

"Hizi kila moja ina kwao, bibi. Ukiigusa inakupeleka kwa mwenyewe aliyeiandika. Uongo ni zile za kwenye makundi ya simu, hazina baba wala mama."

Niliguna. Mimi si mtu wa kukubali kitu siku nilipokisikia. Herufi kubwa nasoma, ndogo nahangaika nazo, lakini gazeti nalijua. Hata hivyo nilipita na ndoo yangu karibu na darasa lake, na masikio sina pamba. Ugonjwa uliozuka wiki hii aliufundisha wiki hii. Wanafunzi walimngoja mlangoni. Walimu wengine wanangojwa na nani?

Jumatano moja aliingia kwa mkuu, mimi namimina chai.

"Mkuu, baraza limefupisha muda. Fomu za wanafunzi wanaohitaji mtihani wa maandishi makubwa zinafungwa keshokutwa saa kumi jioni. Siyo mwisho wa mwezi tena." Akamwonyesha simu.

Mkuu hakuitazama. "Mwaka jana simu ilitangaza likizo, shule nzima ikaenda nyumbani. Ilikuwa picha ya barua iliyochapwa, tena ina nembo, kumbe ya uongo. Aliyeitwa kujieleza ni mimi. Likitoka gazetini, nitasaini."

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa namna hiyo, binti anayesoma pua ikigusa karatasi. Kwenye mtihani wa majaribio, wenzake walipokusanya karatasi, yeye alikuwa ukurasa wa pili. Nilimkuta kwenye ngazi amejiinamia. Akaniambia, "Bibi, majibu nilikuwa nayo. Maswali ndiyo sikuyaona."

Alhamisi mkuu alishinda mkutanoni, kwa hiyo gazeti nililipeleka moja kwa moja kwa makamu. Makamu ana ugonjwa wa chemshabongo. Akikwama neno, anafungia gazeti kwenye droo mpaka limjie, na siku hiyo alikwama. Ijumaa hakuja, alikuwa harusini kwa shemeji yake.

Saa nne Mkia akarudi kwa mkuu na fomu ameshaijaza. "Mkuu, ni leo."

Mkuu akapiga simu ofisi ya elimu. Ikaita, ikaita, ikakata. "Gazeti la jana liko wapi?"

Wote wawili wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimeleta chai.

Miaka ishirini na sita funguo zote ziko kiunoni kwangu, na droo ya mwalimu sijawahi kuifungua. Hiyo ndiyo heshima yangu. Lakini heshima gani ya kukaa juu ya ufunguo wakati mtoto wa watu anazama? Nikaifungua. Gazeti lilikuwa chini ya maganda ya karanga.

Sikulipeleka hivi hivi. Nikivunja sheria yangu mwenyewe nataka nijue naivunjia nini. Nikalitandaza mezani, nikafuatisha kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa. Tangazo lilikuwa pembeni, herufi kama sisimizi. Chai ya Mkia ilipoa, na aliniacha nisome, hakunipokonya. Ma-a-ndi-shi ma-ku-bwa. Ijumaa. Saa kumi. Neno kwa neno kama alivyosema.

"Mkuu," nikasema, "ni kweli. Nimesoma mwenyewe."

Alisoma, akanitazama, akasaini. Mkia alitoka mbio na viatu vyake vya kisigino, na saa tisa na nusu fomu ilikuwa imegongwa muhuri ofisi ya elimu.

Jumatatu makamu akaja juu. "Nani kafungua droo yangu?"

"Mimi. Na maganda yako nimeyatupa."

Wiki hiyo mkuu aliagiza ule ukurasa wa Mkia uwekwe kwenye kompyuta ya chumba cha walimu. Siku hizi wakubwa wenyewe ndio wanauliza, "Mkia, leo baraza lina jipya?" Simu yangu nayo aliitengeneza, herufi kubwa, vyanzo vitatu: baraza la mitihani, hali ya hewa na matangazo ya vifo. Alitaka kuniongezea cha nne nikakataa. Gazeti bado nalibeba kwa foleni ile ile. Ila droo hairuhusiwi.

Siku ya mtihani nilifungua ukumbi mwenyewe. Yule binti alipewa karatasi pana kama sinia. Nilisimama dirishani na fagio, kazi sina. Alikaa mgongo umenyooka, akifunua ukurasa mmoja, mwingine, mwingine. Muda ulipokwisha, kalamu yake ilikuwa imefunikwa zamani.