Shali ya Pamba Niliyoianika kwa Kamba

Nakumbuka siku moja niliporudi kutoka kuchota maji, hapa kijijini Theta, nikakuta shali yangu imeshuka kwenye kamba hadi inagusa nyasi. Asubuhi haikuwa na urefu huo. Maua ya matundu niliyoyafuma miezi miwili yalikuwa yamevutika kama wavu wa goli uliochakaa.

Mwanangu, wakati huo kiwanda cha Thika kilikuwa kimetuachisha kazi, na tumaini langu lilikuwa hiyo shali. Mama mmoja wa Ruiru alikuwa anamwoza binti yake. Sufu humwasha mama huyo shingo, kwa hivyo alitaka pamba, na atakayemletea shali nzuri Jumamosi ndiye angewafumia wasimamizi wote sita wa bibi harusi. Tulikuwa wawili, mimi na Rosa wa Witeithie. Namtaja, sioni sababu ya kumficha. Mpaka leo hunisalimia kanisani kwa mikono miwili. Mimi humpa mmoja.

Ni Rosa aliyeniambia, akinywa chai yangu, "Si uianike tu kwa kamba, dada. Upepo wenyewe utafungua hayo maua." Sweta za shule nilizianika hivyo kila siku. Nikamwamini.

Nikaibeba ile shali hadi kwa Cucu Wangari, bibi mzee aliyenifundisha kufuma. Hakunipa pole.

"Pamba ikishika maji ni nzito, na ikivutika hairudi. Hulazwa, ikabanwa kwa pini. Nani alikwambia kamba?"

"Rosa."

"Na yake uliiona kwa kamba?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nenda ukamsalimie, wewe msichana."

Nilienda saa hiyo hiyo. Rosa alifungua mlango nusu akasimama hapo, eti mtoto amelala. Hakuwa na mtoto. Juu ya bega lake niliona kitanda, na shali imelazwa, pini pande zote, kila tundu wazi.

"Hiyo? Ni ya kujaribu tu," akasema.

Jumamosi akapewa kazi. Mimi nikafumua yangu, nikaanza upya.

Kwa hivyo sikiza. Mtu akikupa shauri juu ya kazi mnayoitaka nyote wawili, usimwangalie mdomo. Nenda uone yake ameianika wapi, kisha uulize mwingine asiyeitaka. Utaambiwa unashuku watu. Wacha waseme.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na rafiki atakayekufungulia mlango wote hata ukifika bila kutarajiwa.