Tawi la Miiba Langoni

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, bibi yangu alinifungia lango la nyumbani kwa tawi la miiba na akakataa kuitika salamu yangu. Sasa nimekuwa mtu mzima wa kuitwa madam na watoto wa watu, lakini siku hiyo sijaisahau.

Nilikuwa nasoma bweni, shule moja hapa Kakuma. Surua ilituingilia polepole. Kwanza mtoto mmoja wa darasa la pili aliamka na macho mekundu, tukamcheka kwamba amelilia uji. Akafuata jirani yake wa kitanda, wakafuata wengine, na kabla wiki haijaisha bweni la wadogo lote lilikuwa linakohoa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, na alikuwa na hofu. Kuifunga shule kulikuwa sawa na kufunga jiko, na mwaka ule majumbani hakukuwa na kitu; mifugo ilikuwa imepelekwa mbali kufuata majani. Kwa hiyo alingoja. Alingoja mpaka mtoto mmoja akafa.

Asubuhi ile ile alitukusanya wote uwanjani. Tulisali bega kwa bega, wazima kwa wagonjwa, kila mmoja akapewa kikombe cha mahindi, tukaambiwa twende kwetu. Tulishangilia sana, maana kwa mtoto likizo ni likizo. Mimi niliondoka na Asekon, mwenzangu wa dawati, ambaye kwao kulikuwa ng'ambo tu ya laga, ule mto mkavu uliopita karibu na kwetu. Njia nzima nilimsimulia habari za Ekai, mdogo wangu aliyezaliwa nikiwa shuleni. Nilikuwa sijamwona. Nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomshika, mkono mmoja chini ya shingo, kama nilivyoona akina mama wakifanya. Macho yalikuwa yananiwasha, nikajiambia ni vumbi.

Lazima nieleze kidogo imani ya Ata. Ata ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiturkana, na huyu alikuwa mama wa baba yangu. Yeye aliamini kwamba ugonjwa ni mgeni anayesafiri kwa miguu. Mgeni huyo haoni, kwa hiyo humfuata mtu kwa kukanyaga nyayo zake, na akifika langoni husimama akatega sikio. Watu wa nyumbani wakimlaki mtoto wao kwa jina, mgeni anajua hapa ndipo kwao, na anaingia naye. Ndiyo maana wakati wa ugonjwa majina hayakuitwa kwa sauti nyumbani kwetu. Sisemi kwamba Waturkana wote walikuwa hivyo. Nimewauliza wazee wengine na baadhi yao wamenicheka. Lakini lile la kuziba lango kwa tawi la miiba, asiingie mtu wala asitoke, hilo halikuwa geni kwa mtu yeyote upande wetu.

Nilipoliona tawi nilidhani limeanguka. Nikapaza sauti kusalimia, "Ejok, Ata!"

Hakuna aliyeitika. Ata alikuwa amesimama ndani ya boma, fimbo mkononi, na nyuma yake mama amempakata mtoto. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mguu wa Ekai ukipigapiga hewa.

"Simama hapo hapo," Ata alisema.

"Ata, ni mimi."

"Najua ni wewe. Usitaje jina."

Mama akaanza kulia. Ata hakumgeukia. Alinionyesha kwa fimbo kibanda cha matawi chini ya mgunga, mbali kidogo na boma, akaniambia ndiko nitakakokaa mpaka atakapotaka mwenyewe. Huyu ni bibi aliyekuwa akinitafunia nyama nilipong'oka meno. Nilimwangalia nikitegemea atacheka, aseme ni utani. Hakucheka.

Wakati ule ule tulisikia sauti kutoka ng'ambo ya laga. Baba yake Asekon alikuwa amemwona binti yake kwa mbali, anakimbia kumpokea huku akiita, "Asekon! Asekon wangu!" Wanawake wakapiga vigelegele. Ata alifumba jicho lake zima. Lile jingine lilikuwa na doa jeupe tangu utoto wake na halikuona kitu. Jioni moshi ulipanda kwa kina Asekon, na harufu ya mbuzi wa kuchoma ikanifikia kibandani. Nililia kwa wivu, na nilimchukia Ata kwa moyo wangu wote.

Nilichokuja kukielewa baadaye sana ni kwamba kibanda kile nilikikuta tayari. Ngozi yangu ya kulalia ilikuwa imetandikwa, dumu la maji limewekwa kivulini. Habari za shule zilikuwa zimewafikia kupitia wachungaji, na Ata alikuwa amekata matawi kwa mikono yake akijua kwamba nitakuja na kwamba atanizuia.

Homa ilinikamata kesho yake. Mama aliweka maziwa kwenye jiwe, akarudi nyuma, akasimama ananiangalia nikitambaa kuyafuata. Mwanga ulinichoma macho. Niliogopa kulala kwa sababu nilikuwa na hakika yule mgeni amekaa nje ya kibanda ananisikiliza ninavyopumua. Halafu siku moja nilishindwa kulifikia jiwe. Nilimsikia mama akipiga kelele, na nilipofumbua macho nikamwona Ata akilivuta lile tawi, anapita, analirudisha nyuma yake.

"Mama, utakufa huko!" mama alilia.

"Huyu mgeni alishachukua jicho langu," Ata alijibu. "Kwangu hana kingine cha kutaka."

Akaingia kibandani, akaketi, akakiweka kichwa changu mapajani mwake. Hakurudi bomani mpaka nilipopona. Mengine aliyonifanyia daktari angemfokea. Alinipaka udongo mwili mzima, akaninywesha mizizi michungu iliyonitapisha, akanikataza kuoga. Lakini alininywesha na maziwa pia, kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, na alinikinga jua kwa shuka yake. Siku zote hizo aliniita "wewe". Wewe kunywa, wewe geuka, wewe usilie.

Nilikuwa nimeanza kupata nafuu tuliposikia kilio kutoka ng'ambo ya laga. Asekon alipona, lakini wadogo zake waliugua, na yule mdogo kabisa hakupona. Ata alisikiliza mpaka sauti zikanyamaza.

"Walimwita kwa jina," alisema.

Niliamini hivyo miaka mingi, na naumia nikifikiri jinsi imani ile ilivyokuwa katili. Niliamini kwamba furaha ya baba mmoja ilimuua mwanawe. Leo nafundisha sayansi na najua surua husafiri kwa pumzi, haihitaji jina la mtu. Baba yake Asekon alifanya ambalo baba yeyote angefanya. Hakuna aliyempelekea habari. Siku ile uwanjani tulipewa mahindi na sala, lakini hatukupewa neno hata moja la kubeba nyumbani, na mimi namlaumu mwalimu mkuu kwa hilo kuliko kwa kungoja kwake. Asekon hakurudi shuleni tena.

Siku ambayo Ata aliona inatosha, alilikokota tawi akalichoma moto, akasimama langoni kama mwenyeji anayepokea watu kutoka mbali. "Ejok, Akiru," alisema. Nililia kwa kusikia jina langu. Kisha nikapewa Ekai, nikamshika mkono mmoja chini ya shingo. Sasa yeye ni mwanaume wa boda boda huko Lodwar, ananipigia simu kila Jumapili kunisumbua kuhusu kuku wangu wa kienyeji, na hajui ni kwa nini mara nyingine nanyamaza tu nikimsikiliza anavyoongea.

Mimi nimekuwa naibu mwalimu mkuu katika shule ya wasichana ya bweni, upande wa barabara ya Kalobeyei. Muhula uliopita surua ilirudi. Tuliitwa mkutano Lodwar, Kiingereza kikamwagika. Nusu ya watu walitaka shule zifungwe leo leo, nusu walitaka tungoje kidogo, na niliona wote tunatetemeka tu kwa namna tofauti. Niliinuka.

"Wakitoka leo," niliuliza, "watalala wapi, na ni nani amelala hapo?"

Tulikubaliana watoto wa kutwa wabaki makwao, na wa bweni wabaki bwenini mpaka wachanjwe na ugonjwa upite, chakula kiletwe, na kila mzazi aelezwe kwa lugha yake. Sikutoka pale na ushindi. Nilirudi Kakuma nikiwaza kwamba msichana mmoja akifia mikononi mwangu, mama yake atakuwa amesimama nje ya lango langu.

Na kweli mama wa kwanza alikuja kesho yake jioni, akanikuta nje ya lango. Ni mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza mboga katika kambi ya wakimbizi, mama yake Achol wa darasa la sita. Mgongoni alikuwa na mtoto anayenyonya.

"Mwalimu, mimi nimekuja kuchukua mtoto yangu."

Nilimweleza. Nilimweleza tena. Aliyasikia yote.

"Hii shule imekuwa jela?" aliuliza. "Achol nimezaa mimi. Hapana serikali."

"Huyo wa mgongoni, mama. Achol akirudi, ataanza kumbeba huyo."

Mkono wake ulirudi nyuma ukashika mguu wa mtoto, na mimi nikauona mguu mwingine, ule wa zamani, wa Ekai. Kisha akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Na wewe je? Jioni unafunga kufuli, unaenda kwako, unalala. Si ndiyo?"

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Nina nyumba yangu mjini, na mkoba ulikuwa tayari begani.

"Hapana," nikasema. "Nitalala humu ndani, bweni lao. Mimi surua ilishanipata nikiwa mdogo."

Nikapita, nikavuta lango nyuma yangu, nikafunga kufuli kwa ndani. Yule mama aliendelea kunitazama kupitia nondo, kisha akakaza kanga ya mtoto mgongoni.

"Sawa," alisema. "Mwambie mama yake amekuja."

Achol alikuwa kitanda cha tatu, uso umevimba kwa homa. Ningeweza kumwita kutoka mlangoni. Badala yake nilikwenda nikachuchumaa kando yake, nikamwambia sikioni, kwa sauti ndogo, bila kulitaja jina lake, kwamba mama yake amekuja.