Kipengele cha Nne

Trrrrr. Kimya. Trrrrr.

Nilisikia cherehani ya mama kabla sijafungua mlango. Saa nne asubuhi. Mama yuko kazini, mdogo wangu yuko chuoni. Sasa nani anashona?

Nikaingia kwa kishindo. Ni mdogo wangu, na sare ya chuo mwilini.

"Mshairi, umerudi mapema," akasema bila kuinua macho.

"Acha utani. Chuo vipi?"

"Wiki ya tatu hii siendi. Hakuna wa kunisomea."

Damu ikanichemka. Binti wa miaka kumi na tisa, herufi zimemkataa tangu utotoni, lakini mpe kitambaa uone maajabu. Alipomaliza darasa maalumu, mwalimu wake alituelekeza chuo cha ufundi chenye mwalimu msaidizi wa kuwasomea wanafunzi kama yeye. Fomu nilijaza mimi. Si mimi huyu mtaa mzima unaniita Kalamu kwa mashairi yangu?

Nikatoka mbio hadi chuoni. Njia nzima napanga maneno ya kumkaanga mtu.

Msajili, mama mmoja mpole, alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafungua faili.

"Huu mwandiko wa nani, mwanangu?"

Kipengele cha nne: Mwanafunzi anahitaji msaada gani?

Jibu: Hahitaji msaada wowote. Dada yangu ana akili kuliko wengi.

Wangu huo. Hata nukta niliiweka kwa madaha. Niliona haya kuandika kwamba ndugu wa Kalamu hajui kusoma.

"Tukampeleka darasa la kawaida," akasema. "Nafasi za msaidizi zimejaa mpaka muhula ujao."

Nilirudi nyumbani nimenywea.

"Kwa nini hukuwaambia hujui kusoma?"

"Walisema fomu inasema najua." Akakata uzi kwa meno. "Ningekataa, wangejua kaka yangu mwongo."

Nilikosa pa kuficha uso.

Wewe unayesoma hapa na una ndugu kama wangu, sikia: kuandika anachohitaji si kumwaibisha. Aibu ilikuwa yangu, nikamtwisha yeye.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Kesho tunarudi kwa msajili kujaza fomu ya muhula ujao, mimi na wewe. Utasema mwenyewe unachotaka, nami nitaandika kama ulivyosema. Sitaongeza hata neno moja, mdogo wangu. Nakuahidi."