Saa Iliyokuwa Ikilala kwa Baridi

Nilikwenda Beni kwa ajili ya saa ya mkono ya marehemu mke wangu. Ni saa ndogo ya kutia ufunguo, ya kawaida kabisa, na mkanda wake umebadilishwa mara nyingi. Mke wangu alipokufa, miezi saba iliyopita, nilimpa saa hiyo binti yetu Kahindo, aliyeolewa Masereka, juu milimani. Hazikupita wiki tatu akairudisha, imefungwa ndani ya kitambaa. Aliyeileta alinipa na maneno ya Kahindo: kila asubuhi anaikuta imesimama, inaamka jua likipanda, na yeye hawezi kuanza kila siku namna hiyo. Kama haitapona, niifungie sandukuni, asiione tena.

Mimi ni mshonaji hapa Butembo. Nilisoma mpaka darasa la sita. Tangu ujana ninapenda saa za zamani, zile ambazo watu waliziacha wakati saa za pile, yaani za betri, zilipojaa sokoni. Mtu ananiletea saa ya baba yake au saa aliyopewa siku ya ubatizo, mimi ninaifungua, ninapangusa vumbi, ninaitia mafuta na kumrudishia. Mtaani wananiita fundi, na jina hilo nililipokea. Saa ya mke wangu nilikuwa ninaitia mafuta kila Noeli, miaka minne ya mwisho, yeye akiwa ameketi karibu yangu. Safari hii niliifungua mara nne, na mara nne nilishindwa. Mteja mmoja akaniambia kwamba Beni, nyuma ya soko, kuna mzee Mwislamu anayeitwa Amuri, anayejua saa za kutia ufunguo kuliko mtu yeyote wa upande huu.

Butembo, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati. Niliitia saa ufunguo, nikaiweka sikioni: kimya. Nikailaza ndani ya kopo la vifungo, juu ya pamba, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria. Dereva aliniuliza kama ninakwenda kilioni, kwa sababu ya koti langu jeusi. Nikamwambia kilio kilikwisha, sasa ninakwenda kwa fundi.

Baada ya Maboya barabara inashuka na hewa inabadilika. Migomba inakuwa mirefu, na mtu anaanza kufungua vifungo vya koti. Kabla ya Kabasha palikuwa na kizuizi. Tukashuka, tukasukuma moto tukitembea kwa miguu, kama desturi. Askari kijana aliangalia karatasi yangu, kisha akataka kuona kilichomo ndani ya kopo. Aliitoa ile saa, akaigeuza, akaiweka sikioni.

“Papa, eza kotambola,” akasema. Ni Kilingala: inatembea.

Nilimwambia hapana, hiyo imekufa, ninaipeleka itengenezwe. Akaiweka kwenye sikio langu mwenyewe. Ilikuwa inatembea vizuri, kama saa ambayo haijawahi kuugua. Dereva alicheka mpaka akaegemea moto. Akasema, “Baba, turudi? Ama unaenda kumwambia fundi akuponeshe wewe?”

Tuliendelea, lakini nilianza kuona haya kabla ya kufika.

Beni, karibu saa tatu. Joto lilikuwa limeshapanda. Mzee Amuri nilimkuta kwenye kibaraza cha duka la mtoto wake anayeuza vitambaa. Ana meza ndogo yenye kioo na taa. Alinikaribisha kwa chai na kuniuliza habari za Butembo. Nilimweleza yote: saa inalala Masereka, inasitasita Butembo, na leo imeamka njiani bila mtu kuigusa. Hakucheka. Alifungua mfuniko wa nyuma, hata kioo cha jichoni hakukivaa, akainusa tu.

“Nani anatiaka humu mafuta ya mashini ya kushona?”

Kwa muda mfupi nilitaka kusema ni mtu mwingine. Nikasema ni mimi.

Akaniambia kwamba mafuta yale ni mazito, na mimi nilikuwa ninatia tone zima mahali panapotaka kidogo kama ncha ya sindano. Yanakamata vumbi, yanakuwa gundi. Kwa baridi ya milimani yanaganda na kushika magurudumu. Kwa joto yanalegea na saa inaondoka. Kisha akavaa kioo, akang'oa mishale na uso wa saa. Hapo niseme ukweli: kwa miaka yote ile mimi sijawahi kung'oa uso wa saa yoyote, kwa kuogopa kuvunja mishale. Chini yake, kwenye shaba, palikuwa na herufi A tatu, zimechorwa kwa sindano.

Mafundi wa saa wana desturi hiyo. Anayefungua saa na kuiosha anaweka alama yake ndani, ili atakayeifungua baadaye ajue ilipita kwa nani. Mzee Amuri aliziangalia, akavua kioo chake, akaniangalia mimi.

“Wewe ni mushonaji wa Butembo?”

“Ndiyo.”

“Bwana ya ule mama ya puwaro?”

Mke wangu alikuwa anapeleka puwaro, mboga ya jamii ya kitunguu, na viazi vya Masereka kwenye soko la Beni. Nikaitika.

Sasa akacheka mpaka akajifuta macho. Alisema, “Nilitosha mafuta, nikaisafisha kabisa, wewe ukarudisha. Nikatosha tena, ukarudisha tena. Mara tatu! Nilimuambiaka: mama, kataza ule mutu. Akasema hapana, mzee, bwana yangu anapenda kuitia mafuta. Muache atie. Mimi nitakuwa naleta.” Akachukua brashi yake. “Lakini yeye iko wapi? Siku mingi simuoni sokoni.”

Nikamwambia.

Aliweka brashi chini. Alisema maneno ya dini yake polepole, mikono wazi juu ya magoti, na mimi nikavua kofia. Nilifikiri nitalia, lakini niliwaza Noeli zile, yeye ameketi karibu yangu ananishikia taa, akiona tone linaingia na akijua tayari ni wiki gani atashuka nalo Beni. Alikuwa ananisifu kila mara. Nilijikuta ninacheka mimi pia.

Mzee hakukubali kuifanya kazi peke yake. Alinipa koleo dogo, akaniambia nifungue mwenyewe. Tuliosha kila kipande katika esansi safi, yaani petroli, tukakausha, tukarudisha. Alinitania kwamba saa si suruali, haina mahali pa kukunja ziada. Mafuta yake ni membamba, tulitia kwa ncha ya sindano, mahali pachache tu. Mwisho akanipa sindano ya alama. Nikamwambia mimi bado sijawa fundi. Akachora A ya nne.

Butembo, siku ya pili. Kabla ya kupanda Masereka nilizunguka mtaani kwa watu kumi na mmoja niliowatilia saa mafuta, nikawaambia kosa langu. Saba walinipa saa zao nizioshe upya. Wengine walisema zinatembea, niziache. Jirani yangu mmoja, baba Paluku, alisema yake inalala usiku na yeye analala usiku, haoni shida iko wapi.

Masereka, siku ya tatu jioni. Kahindo alinipokea vizuri, lakini alipoiona saa hakuivaa. Aliiweka dirishani, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, akaitia ufunguo, akaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta amesimama pale kabla yangu, shali mabegani. Ukungu ulikuwa mpaka mlangoni. Aliishika saa sikioni kwa muda mrefu; ilikuwa inatembea.

“Baba, ilikuwa inaumwa nini?”

“Ilikuwa inaumwa mimi,” nikasema. Nikamweleza yote, mafuta, alama, na safari za mama yake za siri.

“Kumbe mama alijua?”

“Alijua miaka yote.”

Aliniangalia, akafunika mdomo kwa shali, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na tangu mazishi sikuwa nimeisikia sauti hiyo.

Nilikwenda kutengeneza saa, nikarudi nikijua kwamba kazi niliyojivunia nilikuwa ninaiharibu, na kwamba kulikuwa na mtu aliyeniona, akanipenda hivyo hivyo. Hainiumizi kama nilivyodhani.

Kahindo aliivaa saa, akapakia puwaro ndani ya kitunga cha mgongoni, akaweka kamba yake ya kubebea kwenye paji la uso. Akaniuliza kama ninakuja sokoni au nitabaki pale mlangoni na baridi. Nikavaa koti, nikamfuata.