Moshi wa Mifuko ya Mkate

Msimamizi wetu wa zamu alinionyesha gunia la mabaki ya plastiki akasema, "Msomi, beba hili uende nalo. Si huko kwenu mnawasha makaa?" Ningemwambia hapana, asante. Badala yake nililitia begani nikavuka reli kuelekea nyumbani, nikijiona mjanja.

Kiwanda chetu kilikuwa Eneo la Viwanda, na kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya kupuliza mifuko. Chembe nyeupe mfano wa mchele ziliingia, zikayeyuka, kisha puto refu likapanda hadi karibu na paa kabla ya kubanwa na kukatwa. Wenzangu waliona plastiki tu. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, na kwangu ile ilitokana na etheni. Mwalimu wa kemia alitufundisha kwamba katika gesi hiyo kaboni mbili hushikana kwa mikono miwili. Ukiibana na kuipasha moto, huachiana mkono mmoja na kumshika jirani, jirani naye jirani yake, mpaka unapata mnyororo mrefu ajabu. Hiyo ndiyo politheni. Alisema pia kwamba etheni ikiungua vizuri huacha hewa ya ukaa na maji, basi.

Hilo "basi" ndilo nililolipeleka nyumbani.

Tuliishi chumba kimoja katika nyumba za baraza la jiji, si mbali na soko la Gikomba. Mke wangu alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Aliimba akiosha vyombo, akaimba akichambua ndengu, na majirani walijua siku yake ilivyo kwa wimbo alioushika. Nilipofungua gunia, alichukua kipande kwa ncha za vidole.

"Baba watoto, hiki kitu kinanuka."

"Ni kaboni na haidrojeni. Hata mafuta ya taa ni hivyo hivyo."

"Mafuta ya taa hayanikabi koo."

"Nani alisoma kemia hapa, mimi ama wewe?"

Akawasha jiko nje ya mlango kwa kile kipande. Jirani yetu, mke wa mfanyakazi wa reli, akachungulia kutoka mlangoni pake. "Wenzangu, leo mnapika nyama ama tairi?" Tulicheka sote. Mke wangu alicheka huku akikohoa.

Mvua zilipoanza, jiko liliingia ndani. Mwalimu yuleyule alikuwa amenifundisha kwamba etheni ikikosa hewa ya kutosha hutoa masizi na gesi ya sumu. Tena mabaki yale hayakuwa politheni tupu. Ilikuwa mifuko ya mkate iliyoharibika, imejaa wino mwekundu na wa bluu, na wino haukuwamo katika hesabu ya mwalimu. Yote hayo niliyajua. Lakini gunia lilikuwa la bure, na neno langu nilikuwa nimeshalitoa. Lilipoisha nilileta jingine.

Jumapili moja kanisani mke wangu alipanda sauti ya juu, ikakatika. Mwalimu wa kwaya akaurudia wimbo. Ikakatika tena palepale. Tulikwenda hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, kisha akauliza, "Nyumbani mnawasha moto kwa kitu gani?"

Mke wangu alinigeukia, akangoja.

"Makaa," nikasema.

Njiani hakunilaumu. Tulipokaribia mlango alisema tu, "Ungemwambia. Ni wewe uliyesoma."

Siku ile gunia nililitupa jalalani, lakini kifua chake kilikuwa kimeshaharibika. Amekuwa akipumua kwa shida tangu hapo, hasa wakati wa baridi. Watoto wetu wadogo hawajawahi kumsikia akiimba. Wanaposimuliwa na wakubwa wao hudhani wanataniwa. Kanisani kwaya inaposimama, yeye hubaki ameketi kando yangu, akifuata maneno kwa midomo bila sauti. Kwa kukubali gunia lile, nilimpotezea mke wangu sauti yake, na tangu siku ile ya daktari hajaniuliza tena jambo lolote ninalodai kulijua.