Kichwa cha Mwenyekiti Kisicho na Masikio

Umeshawahi kuona mtu akikipiga rungu kichwa chake mwenyewe mpaka kikapasuka? Mimi nimeona, sokoni Kibirizi, mwaka 1997.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha udongo. Nilikifinyanga mimi.

Mdomo mkubwa, masikio hakuna. Watu kukiona tu, kicheko. "Si Hamdani huyu, mwenyekiti wetu wa kitongoji?"

Sikukataa. Vyungu vya kupikia ndiyo riziki, lakini vichwa vya wakubwa ndiyo raha yangu. Ukiwaonea watu, nakufinyanga.

Hamdani akakivunjavunja, akaninyooshea kidole. "Wewe mke wa Dismasi, utanitambua."

"Shikamoo, mwenyekiti," nikamjibu kwa nyodo.

Mwezi haukuisha, malori ya serikali yakaingia kijijini kwetu Simbo kukusanya wakimbizi wapelekwe kambini.

Mama mkwe wangu, Leonia, alikimbia Burundi mwaka 1972. Kaolewa Simbo, kazaa Simbo, na udongo kanifundisha yeye. Leo anapandishwa lori!

"Jamani, huyu ni wa hapa!" nikapiga kelele.

"Maneno ya ndugu hatuchukui," afisa akasema. "Mwenyekiti athibitishe."

Nikapiga magoti mbele ya Hamdani, mimi na kiburi changu chote.

Akatazama pembeni. "Simfahamu."

Na vyungu vya harusi yake alifinyanga mama huyo huyo!

Afisa alikuwa mgeni mkoani. Akamkazia Hamdani macho. "Na wewe mbona unaongea Kikongo-Kikongo? Nani anakufahamu?"

Kweli, Hamdani alivushwa ziwa toka ng'ambo hiyo akiwa mtoto wa mgongoni. Wote tulijua. Wote kimya, maana alishawachongea wengi mno wapandishwe lori. Nikasikia raha, siwadanganyi.

Ndipo Leonia akapaza sauti toka juu ya lori: "Mie namfahamu! Ni mwanangu huyo, nimemlea!"

Afisa akacheka. "Kumbe ni mkimbizi mwenzenu!" Akamsukuma Hamdani. "Panda!"

Raha yote ikanikauka.

Leonia alifia kambini. Nilipofika mazikoni nilimkuta Hamdani ndani ya shimo, jembe mkononi, analia anamwita mama.

Nikamuuliza, "Siku ile alikukomoa, au alikutetea?"

"Alinitetea, mke wa Dismasi. Ningemtetea yeye kwanza, neno lake nalo lingeniokoa, tungekuwa nyumbani sote."

Ndugu msomaji, neno lako likiwa na nguvu ya kumwokoa mtu, liseme. Usije ukabaki na shahidi mmoja tu duniani, na ndiye uliyemkana.