Mwano Ndani ya Kibofu

Niliondoka Bariadi kwa sababu mjomba wangu Masanja alikuwa amekataa dawa. Alikuwa na saratani ya kibofu, bado changa. Hospitali ya Mwanza ilikuwa ikimtia kibofuni, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, dawa yenye vijidudu vya chanjo ya kifua kikuu. Baada ya mara ya pili alishikwa na homa. Nyumbani waliposikia "kifua kikuu" wakamtengea bakuli lake peke yake. Naye akasema harudi.

Saa nne asubuhi, kijijini kwake Migato. Nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya zizi.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mayu," akaitikia salamu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Usinisogelee. Wamenipandikiza ugonjwa."

"Twende ukamwulize aliyekupandikiza. Ukimshinda kwa maneno, tunarudi."

Alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, miaka mingi. Akavaa viatu.

Mchana, barabarani. Tulipanda lori la mnunuzi binafsi wa pamba. Miaka hiyo wanunuzi hao walikuwa wamejaa, ilhali sisi tulizoea kuuzia chama cha ushirika peke yake. Mjomba aliomba kushuka kila mara.

"Namhala, mzee wangu, usije ukakojolea pamba ikaongezeka uzito!" dereva akamtania.

"Si ndivyo mnavyofanya nyie wenyewe?"

Tukacheka wote. Tulipopita Mwamanyili alishuka tena. Aliporudi niliona damu kwenye suruali. Dereva naye aliiona, hakutania tena.

Mwanza, asubuhi iliyofuata. Muuguzi, bwana mmoja mwenyeji wa Maswa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, saratani ni mwizi aliyezaliwa humo humo nyumbani. Mbwa hawambwekei. Vijidudu hivi vimedhoofishwa. Kazi yake ni kupiga mwano."

Mwano ni ukelele tunaoupiga ng'ombe wakiibwa. Mjomba akasogeza kiti.

"Nani anaitikia?"

"Askari wa damu. Wapo wanaomeza walichokikuta, wakawaonyesha wenzao alama zake. Wapo wanaofuata alama hizo mpaka kwa mwizi. Na wapo wanaompiga yeyote asiye na utambulisho, bila kungoja amri."

"Hao nawajua. Kila kijiji kinao. Na homa?"

"Ni vumbi la mbio zao. Ila ikipita siku mbili, au ukitetemeka sana, njoo haraka. Hilo si vumbi tena."

"Na bakuli langu?"

"Kula na wenzako. Mkojo wa siku ya dawa tu ndio unaomwagiwa dawa ya kuua vijidudu chooni."

"Nitapona?"

"Sijui, mzee. Wengi hupona. Lakini mwano hupigwa, na ng'ombe wengine hawarudi."

Mjomba akatoa mkojo upimwe, ikaonekana damu imekoma, kisha akafungua mkanda, akalala kitandani. Kwa saa mbili aligeuka ubavu huu na ule, kama alivyoagizwa, dawa ifike kila upande.

Migato, kesho yake jioni. Homa ikaja. Mkewe akaanza kulia. "Tulieni," mjomba akasema huku meno yakigongana kidogo, "watu wako kazini." Asubuhi homa ilikuwa imeshuka.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Nikajifunza kwamba mgonjwa hakuhitaji kubembelezwa. Alitaka aelezwe vita ya mwili wake kama mtu anayeweza kuiamuru. Wiki iliyofuata nilifika mapema kumchukua. Mkewe alikuwa anafagia uwanja.

"Umechelewa," akaniambia. "Ameondoka alfajiri kwenda Mwanza."